Gamba, Kiwambo na Silabi Moja Niliyoisahau

Wapenzi wa lugha, leo sileti uchambuzi wa shairi wala mjadala wa vina na mizani. Naleta kosa langu. Ni kosa la lugha, lakini nusura limpofushe kiumbe asiyeweza hata kulalamika, na nusura linipokonye imani ya mtoto niliyekuwa nikimfundisha Kiswahili.

Majira ya baridi yaliyopita nilikaa miezi mitatu Minneapolis, Marekani, kwa binti yangu aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili. Nilikwenda kumlea mzazi kama ilivyo desturi yetu, nimebeba kanga, unga wa uji na mafuta ya nazi. Hakuna aliyeniambia kwamba chumbani kwa mjukuu wangu wa kwanza, mvulana wa miaka 12, alikuwamo nyoka.

Nilizaliwa Muheza. Kwetu nyoka alikuwa na adabu mbili tu: akionekana mchana huuawa, na usiku hatajwi. Bibi yangu alituzoeza kusema "ukamba" jua likishazama, kwa hofu kwamba ukimtaja kwa jina lake atadhani umemwita. Basi fikirieni hali yangu nilipoingia kumsalimu mjukuu nikakuta kasha la kioo lenye taa ya joto, na ndani yake chatu amejiviringa juu ya gogo, ananitazama bila kupepesa. Nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Usiogope, Bibi," akasema. "Hana sumu. Ni mpole."

Nilikuja kufahamu kwamba chatu yule, ambaye wataalamu humwita Python regius, asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegali hadi Uganda. Ni mdogo sana akilinganishwa na chatu wetu wa porini. Akikomaa huwa na urefu wa mita moja, au moja na nusu. Wamarekani wamempa jina la mpira, kwa kuwa akiogopa hujikunja duara na kuficha kichwa katikati. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Mnyama mmoja, majina mawili. Mmoja ameiona hofu yake, mwingine ameiona enzi yake. Nilipoambiwa hayo, mwalimu aliyemo ndani yangu aliamka, na hofu ikapungua kidogo.

Mjukuu wangu akaniomba nimpe chatu wake jina la Kiswahili. Nikamkumbuka yule wa methali, aliyeumwa na nyoka akawa akiona ung'ongo hushtuka. Nikasema, "Mwite Ung'ongo, ili mimi nisishtuke." Alilipenda jina lile kwa sababu rafiki zake hawakuweza kulitamka. Wiki nzima alizunguka nyumba akirudia: ng'o, ng'o, ung'ongo. Nami nikaona nimepata njia. Kiswahili cha mtoto yule kilikuwa kimebaki cha salamu na chakula. Sasa kulikuwa na jambo alilotaka kulisema. Kila jioni, mama yake akiwa amelala na kichanga, tuliketi mbele ya kasha la kioo, yeye akanifundisha nyoka, mimi nikamfundisha maneno.

Alinifundisha kwamba nyoka hana kope za kufumba. Nikamwambia kwamba katika Kiswahili "kufumba" ndiko kulikozaa "fumbo", hivyo Ung'ongo ni kiumbe asiye na mafumbo. Alicheka. Alinifundisha pia kwamba nyoka ana machozi, lakini hayatiririki nje: jicho limefunikwa na utando angavu, machozi hupita chini yake na kushuka kinywani. Hilo nililiandika katika daftari langu. Sisi washairi tumeimba sana machozi ya samaki yanayopotelea majini. Hatukujua kwamba yuko anayeyameza yake.

Katika wiki ya tatu ya Februari macho ya Ung'ongo yalibadilika. Yalikuwa meusi na ya kung'aa. Yakawa ya kijivu yenye ubuluu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Nikasikitika. "Maskini, amepata mtoto wa jicho." Mjukuu wangu aliuliza jicho linawezaje kuzaa mtoto. Nilipomaliza kumweleza ugonjwa huo wa wazee, akanieleza kwamba Ung'ongo hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajiandaa kujivua gamba. Ngozi mpya imeshaota chini ya ile kuukuu, na baina yao majimaji hujaa ili zipate kuachana. Ndiyo maana jicho huonekana lina ukungu. Baada ya siku chache ukungu huondoka, na siku chache tena baadaye nyoka husugua pua yake mahali penye kukwaruza, ngozi hufunguka midomoni, naye hutoka ndani yake kama mtu avuaye soksi. Gamba zuri hutoka zima, likiwa limepinduka ndani nje.

La Ung'ongo halikutoka zima. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na mashine ya kupasha joto nyumba ilikuwa ikiunguruma mchana na usiku, ikikausha hewa. Ngozi yangu mwenyewe ilipauka hata nikamaliza mafuta ya nazi kabla ya mwezi kwisha. Kipima unyevu kilichobandikwa ndani ya kasha kilisoma asilimia 31, ilhali chatu wa aina ile huhitaji walau 50 hadi 60, na zaidi ya hapo siku za kujivua. Gamba likatoka vipandevipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Mjukuu wangu aliviokota vyote, akavilowesha, akavitandaza mezani hadi akakipata kipande cha kichwa. "Lazima tuhesabu macho," akasema. Upande wa kulia palikuwa na kiduara angavu, mfano wa kioo cha saa ndogo ya mkononi. Upande wa kushoto palikuwa na tundu.

Maana yake ni kwamba jicho la kushoto la Ung'ongo lilibaki na gamba kuukuu. Tulipommulika tuliliona: halikung'aa kama lenzake, lilikuwa na mikunjo midogo, na ukingoni kulikuwa na kijisehemu kilichoinuka.

Hapa ndipo nilipokosea.

Nilivaa miwani yangu, nikatazama, nikasema kwa sauti ya darasani: "Hilo ni gamba la jicho. Gamba huvuliwa. Lete kibano tulibandue."

Mtoto alisita. "Bibi, una hakika?"

Nikamjibu kwa jibu ambalo walimu hulitoa wasipokuwa na hakika. Nikasema, "Mimi ni mwalimu."

Alileta kibano cha mama yake. Mimi nikashika tochi, maana kumshika nyoka sikuthubutu. Yeye akamshika Ung'ongo kwa mkono mmoja na kibano kwa mkono wa pili. Ncha ilipogusa ukingo wa jicho, chatu alijivuta kwa nguvu, akajikunja duara, akaficha kichwa katikati ya mwili wake. Jina la mpira likanijia akilini. Binti yangu alisimama mlangoni, kichanga begani. Yeye ni muuguzi. "Mama," alisema polepole, "kwenye jicho la kiumbe chochote havutwi kitu kwa kibano." Hakusema zaidi. Alikichukua kibano akaondoka nacho.

Kesho yake tulimpeleka Ung'ongo kwa daktari wa wanyama, akiwa ndani ya mfuko wa mto, na mfuko ndani ya koti la mjukuu wangu ili asipigwe na baridi. Daktari alimulika jicho kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni nani aliyeligusa, kwa sababu ukingoni palikuwa na mkwaruzo mdogo.

Mtoto alinyamaza kidogo, halafu akajibu, "Ni mimi tu. Nilidhani nitaweza."

Katika miaka 34 ya ualimu nimewaona wanafunzi wengi wakimsingizia mwalimu. Sikuwahi kumwona mwanafunzi akijitwika kosa la mwalimu wake. Uso wangu uliwaka moto. Nikamwambia daktari kwamba mtoto alifuata maneno yangu, kwamba mimi ndiye niliyeagiza kibano. Mjukuu wangu alitazama chini, akalikaza koti lake kifuani.

Daktari hakutulaumu. Alichora jicho juu ya karatasi. Nyoka, alisema, angali ndani ya yai au tumboni mwa mamaye, kope zake huungana na kuwa kitu kimoja, kikawa angavu, kikalifunika jicho maisha yake yote. Hicho hakitoki. Kinachotoka ni tabaka la juu kabisa, jembamba mno, ambalo huondoka pamoja na gamba la mwili mzima kila anapojivua. Mwenye kuvuta kwa kibano, au kwa gundi ya karatasi kama wengine wafanyavyo, hawezi kujua ameshika lipi: lile tabaka lililokufa, au kile kifuniko kilicho hai. Akikosea akakivuta kifuniko, jicho hubaki uchi. Hukauka, huingia vijidudu, na mara nyingi hupotea. Aliongeza kwamba hata gamba moja lililosalia si la kupuuzwa, kwa sababu kila msimu likiongezewa lingine juu yake, jicho laweza kuugua. Lakini dawa yake ni unyevu na subira. Alimkagua pia kama ana utitiri, wadudu wadogo wapendao kujificha kandokando ya macho ya nyoka na kuharibu ujivuaji wake. Hakuwa nao. Kosa lilikuwa la hewa kavu, na juu yake kosa la bibi.

Usiku ule sikulala mapema. Nilikaa jikoni na daftari langu nikajiuliza: ni nini hasa kilichonipotosha? Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na neno moja kwa vitu viwili. Niliona kitu juu ya jicho nikakiita "gamba", na neno lile likaja na kitenzi chake mkononi, kwa kuwa katika lugha yetu gamba na kuvua ni kama ngalawa na tanga. Nikishasema "gamba", tayari nimeshaamua kwamba kitu kile ni cha kutolewa. Laiti ningekuwa na neno la pili, mkono wangu ungesita.

Kisha nikaona jambo lililoniaibisha zaidi. Hatusemi kwamba nyoka "huvuliwa" gamba. Tunasema "hujivua". Wasomaji wa Tanzania mnakumbuka jinsi msemo wa kujivua gamba ulivyotawala siasa zetu mwaka 2011, ukarudiwa mikutanoni na magazetini hata watoto wakaujua. Nimeufundisha mofimu ya kujirejea, ile silabi "ji", kwa vizazi vya wanafunzi. Nimewakata alama waliyoisahau. Na siku ilipohitajika kuokoa jicho, mimi mwenyewe niliidondosha. Mtenda ni nyoka. Sisi wengine kazi yetu ni kumwekea maji na kusubiri.

Vitenzi navyo nilivipanga upya. Kuambua ni kutoa ganda au ngozi inayokubali kutoka. Kubandua ni kutoa kilichogandamana. Kuchuna ni kutoa ngozi ya aliyekwisha kufa. Mimi nilisema "tulibandue" kana kwamba jicho ni ukuta na gamba ni tangazo la mkutano uliokwisha.

Asubuhi nilimwita mwanafunzi wangu. Nikamwambia, "Mume wangu, jana Bibi alikosa neno. Tulitafute." Nilimweleza kwamba ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba iliyokazwa, nasi huiita kiwambo cha sikio, kutokana na kuwamba, yaani kuikaza ngozi juu ya ngoma. Akakimbilia kuchukua bakuli na mfuko wa plastiki, akauwamba mfuko juu ya mdomo wa bakuli, akaupiga kwa vidole. Ukalia. Nikachukua karatasi laini iliyolowa nikaitandaza juu ya ule mfuko.

"Kipi kitoke?" nikamuuliza.

"Karatasi."

"Nikitumia kibano?"

Alifikiri. "Utatoboa ngoma."

Basi tukakubaliana. Kifuniko angavu kisichotoka tumekiita kiwambo cha jicho. Tabaka la juu linalotoka kila msimu tumeliita gamba la kiwambo. Aliandika yote mawili kwenye kipande cha karatasi akakibandika juu ya kasha la kioo, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: HUJIVUA.

Mengine yalikuwa kazi ya mikono. Tulifunika sehemu kubwa ya wavu ulio juu ya kasha ili unyevu usitoroke, tukaacha nafasi ya hewa. Tuliweka bakuli pana la maji. Tulimtengenezea kikasha cha plastiki chenye tundu la kuingilia, ndani yake majani laini ya kinamasi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, ili awe na mahali pa kujificha penye unyevunyevu kuliko kwingine. Tuliongeza gome la mti lenye kukwaruza ili apate pa kusugulia pua. Kipima unyevu kikapanda: 45, kisha 58, kisha 64. Kulingana na maelekezo ya daktari, mara chache tulimlaza kwa dakika 20 ndani ya taulo lililoloweshwa kwa maji ya uvuguvugu, atambae apendavyo baina ya mikunjo yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika ncha za taulo. Mara ya tatu alipitisha kichwa juu ya kiganja changu. Alikuwa mkavu na mtulivu, kama ukili uliokwisha kusukwa. Sikushtuka.

Lakini lile gamba halikutoka. Kila jioni tulimulika jicho, na kila jioni lilikuwa palepale, na mikunjo yake. Mtoto aliuliza kama tujaribu tena kidogo tu, kwa kijiti cha pamba. Nilikuwa nimejifunza kusema neno ambalo darasani lilinitoka mara chache. Nilimwambia, "Sijui. Tusubiri anayejua." Daktari naye alikuwa amesema: kama halivimbi wala halibadiliki rangi, liacheni hadi msimu ujao, lililoachwa nyuma mara nyingi hufuatana na lijalo.

Katika kungoja huko niliandika ubeti huu, niuweke hapa kwa kuwa ndipo mahali pake:

Jicho lina lake gamba, muda ufike hutoka,
Kiwambo kilichowamba, usithubutu kushika,
Mwalimu aliyetamba, neno lilimponyoka,
Haraka ikimkumba, jicho huweza pofuka.

Mwishoni mwa Machi niliporudisha kanga zangu katika sanduku, macho ya Ung'ongo yalikuwa yameanza tena kuwa ya maziwa. Niliondoka bila kujua mwisho wake. Uwanjani mjukuu wangu alinikumbatia kwa muda mrefu akaniambia, kwa Kiswahili, "Nitahesabu macho, Bibi." Njia nzima hadi Dar es Salaam nilikuwa nikilifikiria jicho la nyoka. Mimi, mtoto wa Muheza!

Siku ya tano baada ya kufika nyumbani, alfajiri, simu yangu ililia. Ilikuwa picha: gamba zima, refu, limetandazwa mezani juu ya taulo. Kichwani palikuwa na viduara viwili, na kile cha kushoto kilikuwa kinene zaidi, tabaka mbili zilizoshikamana. Chini ya picha palikuwa na sauti yake. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Alisema: "Bibi, gamba la kiwambo limetoka. Kiwambo kimebaki. Alijivua mwenyewe. Sikumgusa."

Sentensi nne, upatanisho wa kisarufi haujakosewa mahali popote. Nimesahihisha maelfu ya insha maishani mwangu. Hakuna niliyofurahia kuikosoa na kukosa cha kukosoa kama hiyo.

Sasa nawageukia ninyi, ndugu zangu wa lugha. "Kiwambo cha jicho" ni neno la jikoni, limeundwa na bibi na mjukuu kwa bakuli na mfuko wa plastiki. Huenda yuko miongoni mwenu mwenye neno la kale kutoka kwa wavuvi, waganga au wawindaji wa kwao, neno lililojua tangu zamani kwamba juu ya jicho la nyoka kuna kinachokwenda na kinachobaki. Akilileta, nitalipokea kwa mikono miwili, na nitamtumia mtoto alibandike juu ya kasha. La kwetu atalivua mwenyewe.